Bobini Nyepesi ya Fusae

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Fusae Kuramochi kilichukuliwa na mkanda wa pampu. Ilikuwa Januari, tunavuna mizizi ya yungiyungi kwenye mashamba ya maji ya Tsuchiura, mimi na yeye tumesimama maji kifuani. Jeraha lilipopona alirudi bandani kuosha mizizi pamoja nasi, na kazi aliimudu. Kilichomshinda ni kuvua samaki.

Rili yake, kile kifaa cha kukunjia uzi, ilikuwa ile ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo. Kabla ya kurusha lazima uushike uzi kwa kidole cha shahada, kisha uuachie. Alijaribu kidole cha kati, uzi ukamponyoka. Alijaribu mkono wa kushoto, chambo kikanasa kwenye neti ya kuzuia ndege ya shamba la jirani.

"Jifunze kufuma sweta," kaka yake Tetsuji akamwambia. "Sweta haikimbii."

"Wewe kaka unavyo vidole vyote kumi, na jana umerudi na nini kutoka ziwani? Mafua!"

Fusae alikuwa ameshafikiri. Kuna rili nyingine inayokaa juu ya fimbo, bobini yake, kigurudumu kinachobeba uzi, unaizuia kwa kidole gumba, na gumba analo. Lakini hizo kwa kawaida ni za vyambo vizito. Samaki wanaoitwa besi wa ziwa letu la Kasumigaura wamerushiwa kila kitu chini ya jua, siku hizi hawagusi ila vidude vidogo vya plastiki, vyepesi kama jani. Chambo chepesi hakiwezi kuivuta bobini nzito. Inasitasita, kisha inazunguka haraka kuliko chambo kinavyokwenda, na uzi unajisokota kama kiota cha kunguru.

Jumamosi tukaenda naye kwa Nemoto, anayeuza vifaa vya uvuvi vilivyotumika, kando ya barabara kuu. Nemoto akafungua kabati la kioo, akatoa rili.

"Dada, dawa yako ni hii. Imeundwa kwa vyambo vyepesi tu."

Fusae akatazama bei. "Dawa hii itaniua kabla ya ugonjwa. Hebu niambie, kinachoifanya irushe vitu vyepesi ni nini hasa? Rangi?"

Nemoto akacheka. "Bobini. Ni nyepesi, haina kina, inabeba uzi kidogo."

"Basi niuzie bobini."

"Bobini peke yake uifanyie nini?"

"Na rili kuukuu ya kuivalisha. Usiniangalie hivyo, tafuta."

Akatafuta. Kwenye sanduku la chini akatoa rili iliyochubuka ubavuni, akaitia bobini nyepesi aliyokuwa nayo kwenye droo nyingine, akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka muda mrefu, kimya kabisa.

"Uzi mwembamba, na usiujaze," alisema. "Ukiujaza umeurudisha uzito ule ule."

Kwenye fimbo hakumsikiliza mtu. Alitoa chambo chake mfukoni, akakitundika kwenye ncha ya kila fimbo ya bei ya chini. Ngumu hazikusikia kitu. Moja, yenye mpini uliotafunwa na panya, iliinama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.

"Hiyo ni ya samaki wa mitoni, dada."

"Haijui bado kwamba imehama."

Mwezi mzima, kila tukimaliza kazi, alirusha chambo kisicho na ndoana kwenye beseni uani. Viota vilikuwa vingi, tukamcheka mpaka tukachoka. Yeye hakuchoka. Alianza na sumaku ya rili, ile inayoizuia bobini isizunguke ovyo, ikiwa imekazwa mwisho, akailegeza kidogo kidogo kadiri gumba lake lilivyojifunza.

Mwisho wa Aprili tukaenda ziwani sote watatu. Upepo ulitupiga usoni. Mrusho wa kwanza tu, kiota.

"Twende zetu nyumbani," Tetsuji akasema.

Fusae akaketi kwenye zege, akafumua uzi, akakaza sumaku kidogo. Safari hii alirusha kwa ubavu, chini chini, upepo usikipate chambo. Kikatua kando ya lango la mfereji bila kurusha tone. Uzi ukatembea.

"Vuta! Aa, usivute, uzi mwembamba huo! Mwachie! Vuta!"

"Kaka, nyamaza, nichagulie moja."

Gumba lake lilikuwa juu ya bobini, samaki akikimbia analegeza, akitulia anakunja. Samaki alipofika ukingoni Tetsuji aliingia majini na viatu kumkinga kwa wavu. Besi mnene, mdomo mpana kama bakuli la wali. Fusae alimtazama kwa muda, uso umewiva kwa furaha, akamrudisha majini.

Tetsuji akapangusa mikono. "Hebu niijaribu hiyo rili."

"Nemoto anafungua saa nne."

Mchana tulikula matonge ya wali palepale. Lake Fusae alilishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuiweka fimbo chini.