Jina Lililochongwa Gerezani

Kwanza nilisikia mlio. Chak. Mfupi, mkavu, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa. Nilikuwa nyuma ya pazia nanawa mafuta mikononi, nikaganda pale pale, maana chumbani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa mlio ule, na kitu hicho kilikuwa kibovu. Siku tatu nilikuwa nimeihangaikia ile kamera. Niliitia mafuta, nikaipuliza, nikaibembeleza, nikaitukana. Haikufyatuka hata mara moja.

Haya yalinitokea mimi. Sikuwa na homa wala sikuwa usingizini. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, ile saa Kariakoo inapopunguza sauti kwa sababu wenye maduka wengi wako msikitini. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzako walishanicheka.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, na kwa kuwa riwaya hailishi mtu, nafanya kazi nyingine: watu huniletea kamera za zamani za filamu, niwaambie ziliundwa mwaka gani na nchi gani. Nina chumba ghorofa ya pili, karibu na Msimbazi. Chini yangu kuna duka la vifungo na zipu la Dada Mwanaidi, na kamera hii ilikuwa yake.

Kisa chake ni kifupi. Mama yake alimwambia kwamba siku ya arobaini tangu Mwanaidi azaliwe, baba yake Mwanaidi alikuja na kamera hii, akaiacha pale nyumbani, na kabla ya mwezi kwisha akafa kwa homa. Kaka zake wa upande wa baba hawakukubali hata neno moja. Walisema mwanamke yule aliokota kamera mnadani ili ambandike marehemu mtoto. Mama alikufa akiitwa mwongo. Sasa Mwanaidi anaozesha binti yake, na anataka kaka hao, wajomba wa binti, waje kukaa kwenye posa. Wakamwambia: ipeleke kwa mtu anayejua. Akisema kamera ilikuwepo wakati wa uhai wa baba, tutakuja.

Unaona mzigo nilivyotwishwa? Na kamera yenyewe ilikuwa na uongo kila upande. Juu yake palichongwa jina la Kijerumani. Lakini ukitoa lenzi, ndani kuna kijimkono kinachogusana nayo. Cha Mjerumani huwa na kigurudumu, hiki kilikuwa kipande butu. Basi ni kamera ya Kirusi iliyovalishwa jina la watu. Na sisi tunaozijua tunaambizana kwamba kamera za namna hiyo zilizagaa baada ya dola ya Warusi kuvunjika, wakati baba yake Mwanaidi yuko kaburini miaka mingi. Yaani kila nilichokigundua kilimfanya mama wa watu azidi kuwa mwongo. Barua ya kusema hivyo nilikuwa nimeshaianza. Nilikuwa na hasira na kamera, na Warusi, na mimi mwenyewe.

Ndipo nikausikia ule mlio.

Nilipofungua pazia nilimkuta kijana amesimama mezani, kamera mkononi. Umri wake haukufika wangu. Alivaa suruali ya bugaluu, pana chini, na shati la kola ndefu, nikadhani ni mmoja wa hawa vijana wa mitumba wanaopenda kuvaa kama babu zao.

"Mambo?" nikamwambia, kwa ukali.

"Mambo gani, ndugu?" akajibu, kama anauliza kweli. "Imefyatuka. Inataka kubembelezwa tu, we unaishika kama koleo. Zilibaki picha nne, sasa tatu."

"Weka chini. Ni ya mtu."

"Najua ni ya mtu." Akaigeuza. "Unaandika nini hapo? Kwamba ni ya Mjerumani?"

"Ni ya Mrusi. Jina wamelichonga matapeli huko kwao, juzi juzi tu."

Akacheka mpaka bega likamtikisika. "Huko kwao wapi? Hilo limechongwa hapo mtaa wa Gerezani, kwa fundi wa mihuri. Nilisimama naye mwenyewe. Kamera niliinunua kwa baharia Mrusi, lakini wateja wangu wa picha walikuwa hawatulii mbele ya kamera ya Mrusi. Ukiwaambia hii ya Mjerumani, wote wananyoosha shingo."

Niamini, sikuogopa. Niliudhika. Kariakoo ina wajuaji kila kona, na huyu alikuwa amepanda ngazi kuja kunifundisha kazi. Hata lile sikio lake la kushoto, lililokunjika kwa juu kama ukurasa wa kitabu, liliniudhi, maana nilihisi nimeshaliona mahali na sikukumbuka wapi.

"Mafundi wa kiwandani hukwaruza namba kwa ndani," nikamwambia. "Naifungua sasa hivi, tuone nani mwongo."

"Usiifungue kwenye mwanga."

"Haina kitu humu."

"Umezungusha kitufe cha kurudishia filamu?"

Nilikuwa nimekizungusha, siku ya kwanza. Kiligoma. Mtoto wa kazi hii anajua: kitufe kikigoma, ndani kuna filamu. Lakini kamera nzima ilikuwa imegoma, chumvi ya bahari imeila, nami nikajiambia ni kutu. Nikaichukua mikononi mwake, nikafungua kifuniko cha chini, nikaona kitu kimejikunja, nikakivuta. Nilivuta kwa hasira, chote, mpaka kikaning'inia mbele ya dirisha.

Ilikuwa filamu.

Nilimtazama kijana. Alikuwa anachujuka. Rangi ya shati ilitangulia, kisha suruali, kisha uso, kama kitambaa kilichoachwa juani miaka mingi, ila hiki kilichukua pumzi tatu. Hakunigombeza. Aliitazama filamu tu.

"Mtoto alikuwa amefumbua macho," akasema.

Nikabaki na ukuta.

Niliipeleka filamu kwa mzee mmoja wa Ilala ambaye bado anasafisha picha. Ilitoka nyeusi yote, mwanga umeila mwanzo mpaka mwisho. Nilikwenda Gerezani, fundi wa mihuri alishakufa, na mwanawe hakumbuki kamera yoyote. Niliichana barua ya kwanza nikaandika nyingine: kamera ya Kirusi, jina limechongwa hapa hapa mjini, wakati wa uhai wa marehemu. Wale kaka wakaniuliza nimejuaje. Nikawaambia ndiyo kazi yangu. Wakaangaliana, mmoja akasema mwandishi ameandika riwaya. Kwenye posa hawakuja.

Hadi leo sifungui kamera ya mtu ila ndani ya mfuko mweusi, hata kama mwenyewe anaapa ni tupu. Nawe ukirithi kamera ya marehemu, zungusha kile kitufe taratibu. Kikigoma, usiseme kutu. Iache gizani, mtafute anayejua kusafisha, na ukisikia mtu anakukataza, usimuulize yeye ni nani. Mtii kwanza.

Mwanaidi nilimweleza kila kitu, baada ya posa kupita. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye lile sikio alivuta mtandio, akalifunika lake.

"Kwa hiyo mama hakusema uongo," akasema.

"Hakusema."

"Hilo nashukuru, mdogo wangu." Akaichukua kamera, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Ila miaka yote hii nilikuwa sijui kama nimewahi kupigwa picha na baba yangu. Nilikuwa sijui, nalala. Sasa najua picha ilikuwepo."

Nikataka kusema pole. Alikuwa ameshageuka.

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.