Mama Mkwe Wangu na Tope la Magadi

Mama mkwe wangu alihudhuria masomo yangu akiwa nje ya darasa. Aliketi chini ya dirisha, mgongo ameuegemeza ukutani, kichwa amekifunika kwa shuka, na mimi nilifundisha nikitazama ubao zaidi ya wanafunzi. Nikiuliza swali na yeye akawa na jibu, alimnong'oneza jirani aliyekaa ndani karibu na dirisha, na jirani ndiye aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyetupangia hivyo. Kwetu Wamaasai, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja wala hawapandishiani sauti. Hata jina lake silitamki. Yeye na mimi tunaitana Pakiteng, kwa ajili ya ng'ombe niliyempa nilipooa.

Nafundisha kwenye chuo cha wananchi huko Karatu, kozi ya kuongoza wageni. Chuo hutupeleka pia vijijini, na mimi nilipangiwa Engaresero, kando ya Ziwa Natron, kwa sababu najua Kimaasai na, kama mkuu wetu alivyosema huku akicheka, kwa sababu nitalala ukweni bure. Mkuu ni mtu wa mbali, hakujua anasema nini. Nililala stoo ya shule ya msingi, pamoja na madawati mabovu na panya.

Ukame ulikuwa umekula ng'ombe wengi wa pale. Kilichobaki ni mbuzi, shanga, na wageni wanaokuja kupanda mlima Lengai na kuwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ziwani. Kikundi cha akina mama kilikuwa na kambi ndogo ya mahema, na darasa letu lilikuwa banda la bati pembeni yake. Serikali ya kijiji iliwaambia wazi: kabla msimu wa wageni haujaanza, mmoja wenu awe na cheti cha chuo, la sivyo kazi ya kupeleka wageni ziwani itapewa kampuni kutoka Karatu. Bila ziwa kambi ile ni mahema tu juani. Akina mama kadhaa walianza kozi. Mmoja akajifungua, mwingine akamfuata mumewe na mifugo hadi Sale kutafuta majani, wengine wakachoka. Akabaki mama mkwe.

Katika mtihani wa mwisho mwanafunzi humwongoza mtahini kama mgeni, kutoka kambini hadi kwenye maji na kurudi. Mwalimu mwenzangu ndiye angemtahini. Asubuhi hiyo akapiga simu kwamba gari limemfia Mto wa Mbu. Nikampigia mkuu, akasema kazi ni kazi, nimtahini mwenyewe. Nilikata simu hajamaliza. Hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi.

Tukaondoka, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma sana nikiwa na mabuti ya mpira ya chuo. Pale ziwa liliporudi nyuma umebaki uwanda mweupe wa magadi. Juu ni ganda gumu, chini ni tope, na kila mvua ikinyesha mahali pa kukanyaga hubadilika. Mvua ilikuwa imenyesha. Mwongozaji lazima ajue pa kupita na aseme, na mgeni lazima amfuate. Lakini nitamfuataje mtu nisiyepaswa kumtazama? Nilikaza macho kwa heroe, nikawa naitazama kwa kuibia tu ncha ya fimbo yake. Alipopinda, mimi nilikuwa natazama ndege. Nikanyoosha moja kwa moja.

Mguu wa kwanza ulizama hadi gotini. Nikakanyaga kwa wa pili ili nijiinue, nao ukaenda. Tope lile halina haraka, lakini haliachii. Likanifika mapajani, na magadi yakaanza kuniunguza pale nilipochubuka. Niliogopa, tena sana, na bado sikupiga kelele. Ningempigiaje kelele mama mkwe? Mtu anazama huku anachagua maneno ya adabu.

Nikageuza uso. Alikuwa amesimama mbele yangu, amenipa mgongo, hatembei. Nikaelewa kwamba anajua. Upepo ulipiga shuka yake, na sisi wawili tumenyamaza, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Tope likanifika kiunoni.

Ndipo akageuka. Akavua shuka yake, akalala kifudifudi kwenye ganda gumu, akanirushia ncha moja. Mikono yetu haikugusana. Alivuta, nami nikajiburuta kwa tumbo hadi nikatoka. Nilimwona usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ana macho ya mke wangu, yale yale ya kuzuia kilio. Buti moja lilibaki humo, na mtunza stoo wa chuo analiulizia hadi leo.

Tulirudi bila neno. Nikaosha magadi, nikaketi darasani peke yangu kuamua. Nani aliona? Nikimpitisha, kambi inapona, na mambo ya tope yanabaki ya ukoo. Nikimfelisha, akina mama waliochimba mashimo ya nguzo za kambi ile kwa mikono yao wanakosa kila kitu. Nilikuwa nimeshaamua kumpitisha niliposikia sauti chini ya dirisha. Safari hii haikupitia kwa jirani.

"Pakiteng," alisema. "Nilikuona ulipoacha njia. Nilikuona kabla hujazama. Nikaona haya kukuita."

Niliweka kalamu chini.

"Angekuwa mtoto wa watu, angekufa kwa sababu ya haya yangu. Usiandike kwamba nimepita. Nipeleke tena."

"Hata mimi sikukutazama," niliuambia ukuta. "Kosa ni letu sote."

"Basi twende tena sote."

Jioni nilimweleza mke wangu kwa simu. Akasema niende, ila nisimwaibishe mama yake. Sikujua nitafanyaje hivyo.

Kesho yake akina mama wa kikundi walijipanga pembeni ya kambi, maana Engaresero habari hazilali. Nilivaa viatu vya matairi vya kuazima. Tulipokaribia mahali pale niliona mdomo wa buti langu umechungulia juu ya tope. Mama mkwe akapinda. Mimi nikageuzia macho kwa heroe na kunyoosha, kama jana, kwa kuwa wageni wasiosikia ndivyo walivyo. Ganda likaanza kulia chini ya nyayo zangu. Kimya. Nikawaza, hawezi, na hakuna wa kumlaumu. Nikanyanyua mguu.

"Wewe! Simama hapo! Rudi nyuma, utakufa!"

Heroe waliinuka wote. Kule kambini akina mama walijiziba midomo. Hakuniita Pakiteng, aliniita wewe, kwa sauti ya kumfukuza mbuzi aliyeingia shambani. Nilirudisha mguu nikasimama, machozi yananitoka, nisijue kama ni ya aibu au ya furaha. Nilimpitisha pale pale.

Siku hizi tumerudi kwenye umbali wetu. Tukikutana njiani mimi nahama upande, naye anashusha shuka. Yeye ndiye anayepeleka wageni ziwani. Nikiwa nafundisha kwenye banda lile la bati, upepo ukivuma kutoka huko, sauti yake huingia dirishani akiwakaripia Wazungu warudi njiani. Wanafunzi wangu wameshazoea: mwalimu huacha kuandika, akasimama na chaki mkononi, mpaka sauti ile inyamaze.