Nililiondoa Jina la Baba Yangu Kwenye Wimbo

Kosa ni langu, sina wa kumtupia lawama. Niliondoa jina la marehemu baba yangu kwenye wimbo wa ukoo wetu, nikaweka jina la muuza saruji. Nimelibeba jambo hili miji mingi na limenichosha. Leo nakuambia wewe, kwa sababu hunijui.

Mimi ni mwimbaji, mtoto wa Kisangani, nimepita arobaini. Kama uliwahi kucheza kwenye harusi ya mji huu, umecheza wimbo wangu wa kwanza, ule wa msichana asiyepokea simu. Niliutunga nikingoja chai ichemke. Ndio ulionipa jina, na ndio nilioanza kuuonea haya. Nikienda sokoni kununua pondu, majani ya muhogo, wauzaji waliniimbia kiitikio. Nilicheka nao, nikarudi nyumbani na hasira.

Nikaanza kujificha. Nilipanga chumba mtaa wa Tshopo, nikakataa harusi, nikakataa redio. Watu wakasema najivuna. Ukweli ni kwamba nilitaka kutoa wimbo mmoja tu ambao nisingeuonea haya, na nilijua ni upi.

Sisi ni wavuvi wa maporomoko. Vikapu vyetu vya kutegea samaki ni vikubwa kuliko mtu, vinafungwa kwa kamba za mwitu kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maji makali. Kuvipandisha kunahitaji wimbo. Kiongozi anaita jina la mvuvi wa ukoo aliyechukuliwa na maji, wenzake wanajibu "Iko!", yaani yupo, na wote wanavuta. Jina kwa jina, kuanzia wa zamani. La mwisho lilikuwa Botamba. Huyo ndiye baba yangu. Nilikuwa mdogo maji yalipomchukua, na hatukupata mwili wa kuzika. Kaburi lake lilikuwa hapo tu, kwenye wimbo.

Kiongozi alikuwa Tonton Feruzi, mdogo wake baba. Alikuja chumbani kwangu na kandambili zake, akaimba mbele ya kinasa sauti akiwa amefumba macho. Alipomaliza akasema, "Bon. Sasa utawapeleka wafu wetu mbali. Hata Kinshasa watawaita."

Rekodi hiyo nikampelekea mtayarishaji wa muziki. Alisikiliza hadi mwisho, akawasha sigara.

"Vieux, mzee yangu, wimbo iko muzuri kabisa. Mais huyu Botamba ni nani?"

"Papa yangu."

"Iko muzima?"

"Hapana."

"Alors? Mufu atakupigia redio? Mufu atakualika ku fête, ku sherehe?" Akacheka. "Tupa mabanga, ndugu. Njo wimbo itatoka huku."

Kwetu mwimbaji hutaja ndani ya wimbo majina ya wakubwa wanaomuunga mkono, na hao ndio huusukuma hadi mbali. Huko ndiko kutupa mabanga. Sikuwa na shida na desturi hiyo, nimetaja watu wengi maishani. Lakini wimbo ule ulikuwa na nafasi za majina tayari, zimekaa vizuri, zinaitikiwa. Unaona nilivyojipumbaza? Nilijiambia: huu wa mabanga utoke kwanza, unifungulie njia. Wa kweli nitautoa baadaye, watu wakiwa tayari wananisikiliza.

Nikaingia studio. Mahali pa babu nikaweka mwenye boti. Mahali pa ndugu wawili waliozama siku moja nikaweka kamanda na mke wake. Mahali pa Botamba nikaweka muuza saruji, na waitikiaji wakamjibu "Iko!" kwa gitaa na ngoma. Sauti ya Tonton ilifutwa ili kupata nafasi kwenye mashine. Nilikuwepo nikitazama.

Wimbo ukapaa. Ulipigwa kwenye baa za Bangboka, ukapigwa Kinshasa. Nami nikazidi kujificha, maana sasa nilikuwa na aibu mbili.

Mchana mmoja mlango ukagongwa. Nilijua ni Tonton Feruzi kwa kikohozi chake.

"Mutoto ya Botamba, fungua."

"Niko mugonjwa, tonton."

"Sikuje kugombana. Nakuja kuuliza tu. Ulimuweka wapi ndugu yangu?"

Niliketi kitandani nikiutazama mlango hadi nikasikia kandambili zake zikiondoka. Nilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono tu! Hilo linaniuma kuliko studio.

Basi nikahama. Isangi, Yanonge, Buta, Kindu. Kila nilipofika nilikuta wimbo umenitangulia. Usiku wa ugenini niliyakumbuka maporomoko, nikajaribu kuimba ule wa kweli, na ulimi ukateleza. Naanza na babu zangu, namalizia na saruji. Majina mengine yamenitoka kabisa.

Mwaka huu nimerudi. Asubuhi nilishuka majini kumwomba Tonton aimbe tena. Nilimkuta kwenye jiwe akisokota kamba. Haongozi tena, magoti yamekataa. Vijana walikuwa juu ya miti wanavuta kikapu, na walikuwa wanaimba. Wakaita mwenye boti. "Iko!" Wakaita kamanda. "Iko!" Wakaita muuza saruji. "Iko!" Kikapu kikapanda, kina samaki, kama siku zote.

Nikapaza sauti, "Botamba!"

Wakanigeukia. Mmoja akaniambia kwa heshima, "Vieux, huyo haiko ku wimbo." Wenzake wakacheka.

Nyuma yangu nikasikia, kwa sauti ya chini, "Iko."

Ni Tonton. Nikageuka haraka nikidhani amenisamehe. Alikuwa anatazama maji. Nikapiga magoti kwenye mawe, nikamwomba anitajie majina yote, hata mara moja tu.

"Nilishakupa," akasema, akaendelea na kamba yake.

Wewe mwenye kipaji unayesoma hapa, ukiambiwa utoe kwanza kinachopendwa, na chako cha kweli kitafuata, usikubali. Watu hushika kile ulichotoa kwanza, na watoto wao hukirithi. Na kama umeshakosea kama mimi, basi mzee wako akija kugonga, inuka ufungue mlango.