Mlango wa wodi ya wazazi Kibuta: mzee alibadilisha ramani kwa fimbo, app ikaniambia nimuulize sababu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Leo nina nafasi, chai iko pembeni, naomba niwasimulie kitu kilichonikuta kazini.

Sitatia chumvi. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha.

Mimi ni msanifu majengo, mwanamke, ofisi yangu iko Visiga, Kibaha. Kuchora nachora, lakini kazi ninayoipenda zaidi ni kusimamia mkataba ujenzi ukishaanza. Nasema wazi, kwenye hilo niko vizuri.

Kwa wasiojua, siku hizi tunatumia app maalumu. Fundi akiwa na swali analiweka mle. Mtu akitaka kubadilisha chochote kwenye ramani anaomba mle, msanifu anapitia, mwenye jengo anakubali, ndipo mkandarasi anapata maagizo kwenye simu yake. Maneno ya mdomo hayahesabiki.

Kabla ya hapo ilikuwa ugomvi mtupu. Huyu kasema vile, yule hakusikia, na jengo limeshapanda.

Sasa twende Kibuta, Kisarawe.

Client wangu ni nesi mstaafu, tumwite Sista. Anajenga zahanati ndogo yenye wodi ya wazazi. Kiwanja alipewa na baba yake mkubwa, Mzee Kondo, kwa mdomo, mbele ya ndugu. Karatasi hakuna, na kwao ndivyo ndugu wanavyopeana.

Mkandarasi ni jamaa wa Moshi aliyelowea Pwani miaka mingi. Site nzima tunamwita Mangi.

Kila jioni Mangi anapandisha picha kwenye app. Jioni moja nafungua, naona mlango wa chumba cha kujifungulia haupo.

Ule mlango mpana wa mabawa mawili umezibwa kwa tofali. Umeachwa mwingine upande wa nyuma, mwembamba kama wa chumba cha kulala, tena kwenye korido yenye kona. Chini ya picha kaandika: mwenyeji ameelekeza.

Nikapiga simu. Mangi akaniambia Mzee Kondo alikuja asubuhi, akaelekeza kwa fimbo, akaondoka.

"Mwenye ardhi kasema, Engineer. Mimi nani nimkatalie?"

(Mimi si engineer, nimeshachoka kumrekebisha.)

Mnaojenga huku Pwani mnalijua hili. Kwenye mkataba mzee hayupo popote, lakini akifika site, yeye ndiye anayeamkiwa kwanza.

Wakuu, nilikasirika. Kwenye kona ile machela haipiti. Asubuhi nikawasha gari nikiwa nimeshaamua: nabonyeza reject, ukuta unabomolewa, Mangi atajua mwenyewe.

Nilipofika site, Sista akanivuta pembeni kabla sijavaa hata helmeti.

"Ukimbishia baba mkubwa atachukua kiwanja chake, na mimi sina zahanati. Ukimwachia mlango wake, mama akitoka damu tutampitisha wapi?"

Nikavaa helmeti, nikachukua tablet.

Basi nikasema nifuate utaratibu. Nimjazie mzee ombi la mabadiliko kama mtu mwingine yeyote, kisha nilikatae kwa heshima zote. Nikamfuata alipokaa, kwenye benchi la mafundi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri.

Network ya pale ni ya kubembeleza. Nikapanda juu ya lundo la tofali na tablet yangu, mzee ananitazama kama mtu aliyemkuta mwizi wa maembe.

Nani anaomba? Nikajaza. Anaomba nini? Nikajaza.

Sababu?

Hapo pana nyota nyekundu, usipojaza ombi haliendi. Wasanifu tulio wengi tunaandika "client request" tunasonga mbele. Lakini muombaji mwenyewe alikuwa mbele yangu, nikaona nimuulize.

"Mzee wangu, hiki kidude kinataka sababu. Niandike nini?"

Akaiweka fimbo yake chini. Nikajua nimeshamuudhi.

Kisha akaanza kusimulia, macho yakiwa chini. Mkewe wa kwanza alijifungulia zahanati moja, zamani, mbali na hapo. Mlango wa chumba ulikuwa unatazamana na mabenchi ya wanaosubiri. Kila nesi alipoingia na kutoka, wanaume waliokaa pale walimwona mkewe alivyo.

Mimba iliyofuata, mama yule alikataa katakata kurudi. Alijifungulia nyumbani. Hakupona, wala mtoto hakupona.

Jana yake asubuhi mzee alikuja site, akaona mlango mpana, akaona pale mbele pameachwa nafasi ya mabenchi.

"Andika hivi, mwanangu. Mke wangu alitazamwa."

Nikaandika hivyo hivyo, sikuongeza neno. Nililia wakuu, juu ya tofali, helmeti kichwani, mafundi wananiangalia. Sioni aibu kuwaambia.

Ila kulia hakupitishi machela.

Nikashuka, nikamwomba mzee tufanye jaribio. Mafundi wawili wakabeba ubao wenye urefu wa machela, wakapita na mlango wake wa nyuma. Kwenye kona wakakwama, wakarudi, wakajaribu tena, wakakwama tena. Mzee akaona kwa macho yake, sikuhitaji kusema kitu.

Halafu nikachukua chokaa, nikachora sakafuni. Mlango mpana unarudi pale pale. Mbele yake tunaweka ukuta wa stara, na nafasi ya kutosha machela kuingia na kugeuka. Mabenchi yanahamia upande wa pili wa jengo. Mafundi wakatoa tofali za juu pale palipozibwa ili ndani paonekane, Mangi akatundika turubai mahali pa ukuta wa stara.

Nikamwomba mzee akae watakapokaa wanaosubiri. Sista akaingia ndani, akasimama kitakapokuwa kitanda.

Mzee akatazama sana. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akahama akakaa sehemu nyingine, akatazama tena.

"Simuoni," akasema. "Bomoeni ule wangu."

Nikachora marekebisho, Sista akakubali kwenye simu yake, maagizo yakatoka na ile sababu juu yake, kwa maneno ya mzee.

Mangi alikuwa amejiandaa kunibishia nani abebe gharama ya kubomoa, namjua. Akasoma maagizo, akarudia kusoma, akaweka simu mfukoni. Akaenda akachukua nyundo, akaanza kuvunja mwenyewe.

Habari ya gharama hajaigusa mpaka leo.

Funzo langu: app hizi tunazisifia kwamba zinatulinda kesi ikitokea, na ni kweli, nitaendelea kuzitetea. Lakini ningebonyeza reject siku ile, kwenye rekodi ningekuwa sahihi kabisa, na wanawake wa Kibuta wangepata mlango wasiotaka kuupita.

Kwa hiyo wasanifu wenzangu, "client request" si sababu. Muulizeni mtu, na mwandike alichosema.

Mliowahi kubadilishiwa ramani na mwenye ardhi, mlimalizana naye vipi? Na anayeona ningemkatalia tu mzee yakaisha, aje tubishane, nipo.