Mbio za Wasichana Zilizofika Bila Wasichana

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya majani ya tumbaku yanayokaushwa hunirudisha Kehancha, msimu ule nilipokuwa darasa la sita, na hasira yangu huamka papo hapo. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu ya kazi, isiyo na taa wala kioo. Dada yangu Boke ndiye aliyeiendesha, akisomba majani kutoka shambani hadi kibanda cha kukaushia, akiruka mifereji na matuta bila kuangusha hata jani moja. Maadamu ilikuwa kazi, hakuna aliyemkataza. Lakini akipita nayo sokoni, wanaume waliokaa kutwa nzima wakichokonoa meno waligeuka kuwa walinzi wa heshima. Kwetu mwanamke hupanda pikipiki upande, magoti pamoja, nyuma ya mwanamume. Kuikalia miguu huku na huku, walisema, ni utovu wa adabu. Hao hao walikuwa wakikojolea ua wa shule yetu mchana kweupe.

Mwaka huo vijana wa boda boda waliandaa mbio za pikipiki kwenye matope, na kamati ikatangaza kwamba safari hii wasichana nao wahimizwe kushiriki. Mwenyekiti, muuza mbolea aliyependa sana sauti yake mwenyewe, alizunguka na kipaza sauti akipiga domo kuhusu usawa hadi tukamwamini. Boke alimwamini kuliko sote. Alimwomba Baba ruhusa ya kushindana, na akifanya vizuri, aende Homa Bay kwa shangazi yetu, ambako kulikuwa na fundi aliyefundisha mbio hizo. Alikuwa amemaliza shule na hakutaka kitu kingine duniani. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa midomo ya watu, na kwa mtoto wake hiyo haikuwa na tofauti kubwa. "Kamati ikisema wewe ni dereva, utaenda," alimwambia. "Ikikataa, huo ufunguo unanirudishia, na nisisikie tena habari ya pikipiki."

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha na njia yote ilikuwa uji. Tulipewa fulana za waridi, hata mimi niliyeokotwa tu kujaza nafasi, kisha tukaelezwa maana ya kuhimizwa. Kila msichana angepanda nyuma ya dereva mwanamume. "Tunataka washiriki, hatutaki waumie," mwenyekiti alitangaza, na wenzake wakapiga makofi kana kwamba amevumbua moto. Boke alimfuata. "Lakini mimi najua kuendesha, si mnaniona kila siku na tumbaku?" Mwenyekiti hata hakumtazama. "Msichana wa heshima hajisifu. Panda, mama, unatuchelewesha." Boke akapanda, lakini akaikalia miguu huku na huku, na minong'ono ikasambaa uwanjani. Sisi wengine tulikaa upande kama tulivyolelewa.

Katikati ya njia palikuwa na mlima. Mtu yeyote wa kwetu anajua desturi: boda boda ikifika kwenye mlima wa matope, dereva husimama, abiria akashuka na kupanda kwa miguu, kisha wakakutana juu. Mama zetu wamefanya hivyo maisha yao yote, wakiwa na mizigo, wajawazito, wagonjwa. Basi madereva wetu walisimama chini ya mlima, mmoja baada ya mwingine. "Shuka, hapa mlima," wangu aliniamuru, nami nikashuka. Wote tukashuka. Wakatia moto, wakapanda, wakavuka kilele, wakaendelea moja kwa moja hadi mwisho wa mbio. Mashujaa wale walikuwa wametusahau kama ndoo kisimani.

Ni Boke tu aliyekataa. "Shuka basi!" dereva wake alifoka, pikipiki ikizama. "Shuka wewe," akamjibu. Mwanamume akashuka kusukuma, na kabla hajainama vizuri Boke alikuwa amesogea mbele, amebana klachi, ametia gia ya kwanza. Alipanda akizungusha usukani taratibu, matope yakimrukia yule bwana usoni, nasi tukapiga vigelegele hadi koo zikauma. Dereva alimkimbilia nyuma akiita mwizi.

Alifika wa mwisho. Mwenyekiti akatamka kwamba pikipiki ile haihesabiki kwa kuwa imefika bila dereva. "Na hizi zingine zimefika bila wasichana," Boke alisema, na watu wakacheka, lakini kicheko hakikubadilisha kitu. Zawadi, kofia ngumu mpya, ilienda kwa mwanamume wa kwanza. Sisi tulipangwa nyuma yake na fulana zetu zilizolowa ili picha ipendeze. Baba alinyoosha mkono, na Boke akamwekea ufunguo kiganjani. Sijawahi kuudharau mkono wa mtu kama nilivyoudharau ule. Tangu siku hiyo dada yangu alibeba tumbaku kichwani.

Siku hizi Boke anaishi Homa Bay. Alienda bila ruhusa ya yeyote, akakaanga samaki na shangazi kwa miaka mingi, akanunua pikipiki yake, na sasa anafundisha wasichana mbio kwenye mteremko nje ya mji. Wanapanda wakiwa na suruali, meno yao yamejaa vumbi, na hakuna anayewaita mama kuwanyamazisha. Wanaume wamejifunza maneno mapya. Kila mkutano una bango kuhusu mtoto wa kike, na chini ya bango wamekaa wale wale. Juzi katika mbio zao mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wetu, viatu vinang'aa, akiwaeleza wasichana kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa jambo hili kule Kehancha. Nilitamani kutema mate. Boke alitabasamu tu.

Jukwaa la mgeni rasmi lilikuwa kileleni, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Boke alijitolea kumpeleka. Mzee, akihofia suti yake, alipanda upande, magoti pamoja, mkono begani kwa dada yangu. Walipofika kwenye matope Boke alisimama.

"Shuka, mzee. Hapa mlima."

Akashuka. Alipofika juu akihema, suruali imelowa hadi magotini, wasichana walikuwa wamemaliza mbio zao, na mshindi alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.