Kanga ya Kisimani

Siku niliyoipita kanga ya kisimani siisahau, mwanangu, na leo umenilazimisha niiseme. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachipua, kijijini kwetu Quiterajo, pwani ya Msumbiji. Wanawake walipooga nyuma ya ua wa kisima, walitundika kanga njiani. Mwanamume akiiona, anakohoa na kusubiri, au anazungukia mashambani. Nilijua, na bado nikapita, eti nina haraka. Haraka gani? Uongo mtupu. Nilitaka kuchungulia.

Bi Somoe, mwangalizi wa kisima, hakunitukana. Alinipeleka kwa wazee, wakaniamuru nisuke ua mpya wa makuti, peke yangu, mchana kweupe, wasichana wakipita wananitazama. Nikamwuliza, "Bibi, si ungenionya tu?"

"Kanga ndiyo onyo," akasema. "Umeliona, ukalipita. Sasa ni kazi ya wazee."

Tangu siku ile hata wahuni wenzangu walianza kukohoa wakiwa mbali.

Sasa wewe, mtengeneza tovuti huko mjini Pemba, unaniambia ipo alama kwenye simu, mtu anaibonyeza kuomba tovuti zisimfuatefuate kujua anatafuta nini, na wenye tovuti "wanahimizwa" kuiheshimu. Wanahimizwa, ati. Dada yako Zaituni aliibonyeza. Kisha akatafuta kwa siri dawa ya kushika mimba, maana huu mwaka wa tatu hajajaliwa. Wiki ile ile wifi yake akaiazima simu ile ile atazame video, matangazo ya dawa za uzazi yakamjaa machoni, akaenda kumwambia mama yake. Leo mama mkwe anamtafutia mwanawe mke wa pili, na dada yako yumo humu ndani kwangu analia. Nimechoka kuambiwa viwango vizuri vya tovuti vipo. Hata kanga ilikuwepo.

Nasaha yangu ni hii. Alama wekeni, muungwana itamtosha. Asiye muungwana atungiwe sheria, sheria ipate wa kuisimamia, na adhabu imuume. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini nyie mmewachelea wenye tovuti, na anayelia ni Zaituni.

Jana nilikuuliza kama tovuti yako wewe inaiheshimu hiyo alama. Ukaanza tena habari za viwango.

Mungu akupe haya niliyoikosa mimi nilipokuwa rika lako, akujaalie uusuke ua kabla hujaamriwa, na amrudishe dada yako nyumbani kwake kwa heshima. Amin.