Simbi Mezani

Mwalimu wa historia ya bahari hakuwa na silabusi. Alikuwa na mfuko wa simbi, yale makombe madogo ya pwani, na kabla hajagusa chaki alizimwaga mezani, akazitandaza kwa kiganja kama mtu anayechambua mchele. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Mushike. Munuse. Bahari iko mbali. Ni nani alileta hii mpaka huku?" Darasa zima, lililozoea kusomewa na kuandika tu, likainama na kuandika swali lenyewe. Kila wiki hivyo hivyo.

Habiba alikuwa na jibu mdomoni: nyumbani kwao, mtaa wa Bel-Air, bibi yake bado anazo simbi alizozibeba babu wa bibi huyo, Sumaili, kutoka pwani. Lakini nani aliwahi kumfundisha kusema kabla mwalimu hajasema? Siku moja Gauthier akainua kidole. "Prof, jibu ya kuandika iko wapi?" Mwalimu akawatazama wote, akamtazama Habiba, Habiba akainamisha kichwa. Kile kiganja kikazikusanya simbi, kikazirudisha mfukoni. "Muandike," akasema kwa sauti kavu. "Bantu benye kuileta habajulikane. Point." Walioileta hawajulikani, nukta: kalamu zikakimbia kwa furaha. Habiba naye akaandika.